Udongo wa Mahame

Jumatatu, 18 Novemba 1974

Nimefika Itumbiko saa kumi jioni, juu ya lori la ushirika lililoleta mabati ya shule kutoka Igunga. Dereva wake, Masolwa, alinishusha pamoja na sanduku langu na kusema, "Mvua zikianza, dada, usinitegemee sana. Mbuga hii humeza magurudumu."

Bwana Eustace, mkuu wangu wa kazi kule Tabora, aliniagiza kwa maneno machache: "Binti Twalibu, mimi sitaki maajabu. Ngoma mbili, nyimbo tatu, sare za kaniki. Mwezi wa nne mgeni atakuja kukagua vijiji vipya. Itumbiko icheze." Hiyo ndiyo kazi yangu. Msaidizi wa utamaduni, miaka ishirini na mitatu, mwenye mhuri mmoja na madaftari mawili. Hili la pili nimeamua liwe langu mwenyewe.

Nyumba zimepangwa mstari kama madawati na nyingi bado hazijakandikwa. Watu waliletwa hapa mwezi Agosti kutoka vitongoji vyao vya zamani. Mwenyekiti wa kijiji ni Ndugu Lugembe, mtu mrefu ambaye hakutazami anapoongea nawe. Amenipangia kukaa kwa mjane aitwaye Ngollo na binti yake Paskazia, ambaye mumewe yuko kwenye kazi ya reli. Mlango wetu ni gunia. Mimi mtoto wa fundi cherehani wa Gongoni, Tabora mjini, nimezoea komeo.

Jumanne, 19 Novemba

Hakuna mvua. Hakuna aliyekuja mazoezini.

Jumapili, 24 Novemba

Wamekuja wanawake kumi na mmoja baada ya misa. Nikapiga makofi, nikaanzisha wimbo niliofundishwa chuoni. Waliitikia kwa adabu, kama watu wanaomwitikia mgeni aliyekosea nyumba. Nilipowaomba wachangamke, Paskazia akasema, "Dada Maua, miguu ipo. Tumbo ndilo halitaki kucheza."

Wakacheka wote. Mimi nikacheka wa mwisho, maana ndipo nilipoelewa. Mwaka huu hawakuvuna. Nafaka kidogo waliyokuwa nayo, nusu yake ilibaki kwenye vihenge kule walikotoka, ikaliwa na mchwa. Wanasubiri yanga, yale mahindi ya njano ya msaada.

Jumapili, 1 Desemba

Leo nimeuliza swali la kijinga. Nilimuuliza mama Ngollo kwa nini maji ya kunywa tunayaweka kwenye debe la mafuta ya taa, maana harufu haijatoka. Alifunua kanga kuukuu pembeni mwa kitanda, akanionyesha mtungi mmoja. Mweusi, shingo nyembamba, begani umechorwa vistari vilivyofuatana bila kukosea hata kimoja. Niliugonga kwa ukucha ukalia kama kengele.

"Siku ya kuhama nilikuwa na vyungu na mitungi arobaini," alisema. "Mgambo wakaipanga kwenye lori kama matofali. Hapa nilishusha huu."

Alisema bila hasira. Hasira ningejua la kuifanyia.

Akanieleza kwamba udongo wa hapa ni kichanga, haushikani. Udongo mzuri uko Kasela, kwenye mahame yao, mwendo wa saa nne kwa miguu, kando ya njia ya zamani ya misafara. Bibi yake aliwafinyangia wapagazi mitungi ya safari. Walipokuwa wakipiga kambi pale walivunja mingi, na mpaka leo wanawake huchimbua vile vigae, huvisaga na kuvichanganya kwenye udongo mpya ili chungu kisipasuke motoni.

"Na bei yake, mayu?" nikauliza, nikimwita mama kwa lugha yao.

"Bei ni tumbo la chungu chenyewe. Wewe unachukua chungu, mimi nachukua nafaka inayokijaza."

Kule mbugani, kwa walima mpunga, ndivyo walivyobadilishana hadi mwaka jana. Sina wazo jingine tangu asubuhi. Watu wana njaa, na mikono inayojua kuiondoa njaa imekaa magotini ikinisubiri mimi nipige makofi.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimekwenda kwa Lugembe. Nilimkuta anapima mashamba kwa kamba, ekari moja kila mtu mzima, amri ya kilimo cha kufa na kupona.

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti."

"Marahaba. Ngoma zinakwendaje?"

Nikamweleza habari za udongo. Aliendelea kukunja kamba. "Kasela harudi mtu. Nikimruhusu mmoja achimbe udongo, wa pili atakwenda kuchimba viazi, wa tatu atalala huko huko. Wilayani wakija watahesabu nyumba zenye watu. Hawatahesabu vyungu."

"Lakini hii ni kazi ya mikono yao wenyewe. Ndiyo kujitegemea."

"Kijitabu cha kujitegemea nami ninacho," akasema, akaondoka na kamba yake.

Nimemchukia. Naandika ili nisijifanye sikumchukia. Barua kwa Bwana Eustace nimeiandika kurasa tatu.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Imenyesha katikati ya hotuba. Watu walisimama wakalowa, wakicheka. Mvua ya kwanza.

Alhamisi, 12 Desemba

Mvua. Wanapanda.

Jumanne, 24 Desemba

Idi Kubwa. Nimeswali peke yangu nyuma ya nyumba, juu ya kanga, ardhi ikiwa bado mbichi. Chakula ni ugali wa yanga na mlenda. Kesho ni Krismasi ya Paskazia na mlenda utakuwa huo huo. Ameniambia, "Tufanye moja, dada. Mungu ataelewa." Baba huko Gongoni atakuwa anagawa nyama barazani. Nimetamani kulia lakini mama Ngollo alikuwa ananitazama.

Jumatatu, 6 Januari 1975

Jibu la Bwana Eustace limekuja na Masolwa. Mistari minne. Vyungu ni biashara, si utamaduni. Suala hilo lipelekwe kwa wahusika wa biashara. Nitume orodha ya wachezaji na vipimo vya sare.

Masolwa amesema barabara inaanza kukatika.

Alhamisi, 9 Januari

Yanga haikuja. Lori jingine limezama mbugani na mzigo wote.

Jumamosi, 11 Januari

Leo watoto wa shule wameruhusiwa kurudi nyumbani saa nne kwa sababu watatu walianguka mstarini. Mmoja nilimbeba mimi. Nilishangaa alivyokuwa mwepesi.

Mchana nilikaa na karatasi mbele yangu. Nina mhuri, nilipewa kwa ajili ya orodha za wachezaji. Nimeandika: *Wanawake saba waliotajwa hapa chini wanaruhusiwa kufika Kasela na kurudi, kuanzia tarehe 13 Januari hadi 15 Februari, kwa shughuli za utamaduni.* Nimeweka sahihi. Nimegonga mhuri. Mhuri umekaa upande.

Nilimpa mama Ngollo. Hajui kusoma, akampa Paskazia. Paskazia akasoma mara mbili.

"Lugembe anajua?"

"Karatasi hii inatosha," nilisema.

Sikusema uongo. Sikusema ukweli pia.

Jumanne, 14 Januari

Tumekwenda. Tulipita kwenye pori tukiiacha njia kubwa, na kila tawi lililovunjika nilidhani ni mgambo. Karibu na Kasela tuliingia kwenye njia ya misafara yenyewe, iliyozama kama mfereji kwa miguu ya watu wa zamani.

Nilifikiri tukifika watakimbilia udongo. Hawakukimbilia. Kila mmoja alikwenda kwanza kusimama pale ilipokuwa nyumba yake. Nyumba zimebomolewa, lakini maboga yameota yenyewe yamefunika kila kitu. Mwanamke mmoja alikata tawi akafagia uwanja wake, wote, mpaka ukingoni, kisha akaliweka tawi chini na kuja kuchimba.

Machimbo ni shimo lenye kina kupita kimo cha mtu, limechimbwa kuingia chini ya ukingo kama pango. Mama Ngollo hushuka mwenyewe, huonja udongo kwa ulimi na kutema. "Huu. Huu hapana. Huu." Tumerudi kila mtu na mzigo kichwani. Wangu ulikuwa mdogo kuliko yote na ndio pekee ulioanguka.

Wameimba njiani. Sijawahi kuusikia wimbo ule mazoezini. Nilimuuliza Paskazia ni wa nini, akasema, "Wa kubeba."

Jumanne, 21 Januari

Wanafinyanga ndani, kwa zamu, baada ya shamba. Nyumba yetu imejaa vyungu vibichi. Tunalala tumekunja miguu. Nje mvua.

Ijumaa, 24 Januari

Havikauki. Mama Ngollo anavigusa kila saa kama mtu anayemgusa mgonjwa. Mvua.

Jumatatu, 27 Januari

Asubuhi jua lilitoka, nikasema tuchome. Mama Ngollo akatazama mashariki. Akasema ndani ya vyungu bado mna maji. Nikasema jua kama hili hatutalipata tena wiki nzima. Wakapanga vyungu thelathini na kimoja, wakafunika na nyasi, maganda ya miti na samadi, wakawasha.

Vikaanza kulia. Pah. Pah. Kila mlio mama Ngollo alifumba macho. Saa nane mvua ikarudi ikamalizia kazi. Vimepona vinne.

Hakuna aliyenilaumu. Waliokota vipande, wakaviweka kwenye kapu ili wavisage.

Jumatano, 5 Februari

Masolwa alipita kwa shida, akachukua vile vinne kwenda kwa walima mpunga. Leo vimerudi nafaka: kila kimoja kilijazwa mpunga mpaka mdomoni, ukamwagwa guniani. Walima mpunga wamesema wanahitaji vingine thelathini kabla ya mavuno. Wao pia mwaka huu wamevunjikiwa vyungu. Tumegawa kwa nyumba saba. Usiku huu mtaa wetu unanuka wali. Nimeona watu wakipita mbele ya nyumba yetu taratibu kuliko kawaida.

Lugembe naye alipita. Akasimama kidogo. Akaenda zake.

Jumatatu, 10 Februari

Mvua siku ya tatu. Udongo umekwisha. Karatasi yangu inakwisha Jumamosi, na nikiandika nyingine nitakuwa nimefanya kosa mara mbili. Nimehesabu siku nikahesabu tena: kuchimba, kufinyanga, kukausha, kuchoma. Hazitoshi.

Jumatano, 12 Februari

Mvua imepungua. Nimemwambia mama Ngollo waende kesho.

"Shimo limekunywa maji," alisema. "Lisubiri siku nne, tano."

"Karatasi itakuwa imekwisha, mayu."

"Karatasi ni yako. Iambie isubiri."

Nikaeleza tena habari za walima mpunga, za watoto wa mstarini, za yanga iliyozama. Najua kueleza, ndicho nilichosomea. Paskazia ndiye aliyesema, "Mama, mimi nitakwenda na wenzangu wanne. Tutachimba juu juu, hatutaingia chini."

Mama Ngollo alimtazama bintiye, kisha akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyeshinda bila kutaka kuonekana ameshinda.

Ijumaa, 14 Februari

Naandika ya jana. Sikuweza jana.

Mimi nilibaki kijijini kwa mazoezi ya ngoma, ili kama kuna mtu wa kuuliza aone mambo yako kama kawaida. Saa saba mchana mmoja wa wale wanne alitokea anakimbia bila viatu, bila kanga ya kichwani. Alipita mbele yangu kama hanioni, akaenda moja kwa moja shambani kwa Lugembe. Kwa Lugembe, si kwangu. Nikamfuata.

"Ukingo umemwangukia Paskazia," alisema.

Udongo wa juu ulikuwa umeliwa na maji, haukufaa. Wakashuka kidogo. Kisha kidogo tena. Ukuta ukaachia.

Lugembe alitupa jembe, akawaita wanaume sita kwa majina, akasema wang'oe kitanda cha kwake mwenyewe. Tulikwenda nusu tukikimbia. Nilikuwa nyuma yake na sikuona kitu isipokuwa visigino vyake. Nilisoma kila dua niliyoijua na nilipozimaliza nikaanza upya.

Wenzake Paskazia walikuwa wamemfukua mpaka kiunoni kwa mikono. Kucha zao zilikuwa zinatoka damu. Paskazia alikuwa hai. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na alikuwa anaongea bila kukoma, habari za uji alioacha jikoni. Lugembe akashuka shimoni. Mtu mmoja akasema, "Ndugu, ukuta wa pili nao umepasuka." Akajibu, "Nauona," akaendelea kuchimba. Walipomtoa, mguu wa kulia ulikuwa umegeukia kusiko. Hapo ndipo Paskazia alipoacha kuongea habari za uji.

Mbuga iliyo kati ya pale na barabara ya lori ilikuwa imejaa. Wakamvusha juu ya kitanda, maji vifuani, Lugembe mbele. Ng'ambo, kwa bahati ya Mungu, Masolwa alikuwa amekwama tangu asubuhi na ndiyo kwanza amejinasua. Wakamlaza juu ya magunia matupu. Mama Ngollo alikuwa ameshafika, sijui kwa njia gani. Nilipotaka kupanda naye alinizuia kwa mkono mmoja kifuani. Hakunisukuma. Aliuweka tu pale mpaka lori likaondoka.

Wanaume wakarudi na kitanda, tukabaki mimi na Lugembe, tumelowa, tope mpaka nyusi.

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Mimi."

"Kwa kauli ya nani?"

"Yangu."

Alinyoosha mkono, nikampa nakala ya karatasi. Aliisoma pale pale, wino ukiyeyuka mikononi mwake. Nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane.

"Mama yangu mdogo alifia shimo lile," alisema. "Mvua kama hizi. Kila mtu wa Kasela anajua mwezi wa kutoingia. Hukuuliza."

"Uliniambia hapana bila kunieleza."

Alifikiri. "Kweli," akasema. "Sikukueleza."

Jumatatu, 17 Februari

Masolwa ameleta habari: Paskazia amepelekwa hospitali ya Tabora. Mfupa wa paja. Mguu hautakatwa, wanadhani. Nimelirudia neno hilo, "wanadhani", kutwa nzima kichwani.

Jumatano, 19 Februari

Mama Ngollo amerudi. Hakunisalimu. Alilala kwa saa mbili, akaamka, akachukua kapu, akaenda Kasela peke yake mchana kweupe, katikati ya barabara. Jioni akarudi na udongo ule ambao Paskazia na wenzake walikuwa wameuchimba wakauacha ukingoni. Nilimwambia, "Mayu, hapana." Ndiyo mara pekee aliyonijibu wiki hii.

"Udongo huu umeshalipiwa," alisema.

Wengine wamesema kesho watakwenda kuchukua uliobaki. Hakuna aliyewazuia.

Jumapili, 23 Februari

Lugembe amefungua ghala la pamba, ambalo liko tupu mpaka msimu. Lina bati na sakafu kavu. Hakutangaza. Aliacha tu mlango wazi na kumwambia mama Ngollo kwamba panya ni wengi, heri mahali pawe na watu. Vyungu vinakauka humo kwa siku nyingi bila kuharakishwa. Mimi nasaga vigae nje, chini ya upenu. Hakuna aliyenituma, na hakuna aliyenifukuza.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Nasaga.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Barua kutoka Tabora: niende wilayani tarehe 17 kutoa maelezo. Bwana Eustace ameongeza karatasi ndogo kwa mkono wake. Anashauri niseme kwamba wanawake walikwenda kwa hiari yao, na kwamba barua yangu ilihusu kukusanya nyimbo, wao wakaitumia vibaya. "Hawasomi," ameandika. "Hawatabisha. Una maisha mbele yako."

Nilikuwa namwona Bwana Eustace mtu mpole anayenitakia mema. Kwa kweli ananitakia mema. Ndilo linalonitisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeifikiria ile karatasi ndogo kuliko ninavyotaka kukiri. Baba amezeeka, macho hayaoni tundu la sindano. Mshahara wangu ndio unaolisha nyumbani. Maneno yenyewe ni machache. Nimejaribu kuyasema peke yangu kisimani, kuyasikia yanavyokaa mdomoni. Yanakaa vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Wamechoma. Siku nne za jua, na mama Ngollo alikataa tatu za mwanzo. Nilikaa mbali, nikaziba masikio. Paskazia angecheka. Vyungu thelathini; vimepasuka vinne.

Walipovitoa vya moto wakavinyunyizia maji ya magome, vikawa vyeusi mbele ya macho yetu. Lugembe alikuja na daftari lake la kijiji akaandika idadi. Kisha akaniuliza, kwa mara ya kwanza akinitazama usoni, "Tarehe kumi na saba utasema nini?"

"Sijui," nikasema.

"Mimi najua nitakachosema mimi. Niliwaona wakitoka Januari. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Niligeuza uso." Alifunga daftari. "Kwangu nako nafaka ilikuwa imekwisha."

Jumatatu, 17 Machi

Chumba chenye watu watano na feni isiyozunguka. Waliniuliza kama barua ni yangu. Nikasema ni yangu, mhuri nimegonga mimi, mwenyekiti alikataa na sikumwambia, wenye shimo lao walisema tusubiri na mimi nikawahimiza. Bwana Eustace alikuwa anatazama dirishani. 

Kisha Lugembe. Akaeleza ya mlangoni. Mmoja wa wale watano akamuuliza kwa ukali kama anajua maana ya mwenyekiti kugeuza uso. Akasema anajua. Akafungua daftari akasoma: vyungu ishirini na sita, mpunga wake umeingia ghala la kijiji, watoto wa shule wamekunywa uji siku tatu mfululizo na hakuna aliyeanguka mstarini. "Kosa ni letu," akasema. "Chakula hiki nacho ni chetu. Ndugu, msifute vyote viwili kwa kalamu moja."

Tumeambiwa tusubiri nje. Tulikaa kwenye benchi moja mpaka alasiri. Alinigawia kipande cha muhogo.

Uamuzi: mimi nimeondolewa kazini kuanzia leo. Lugembe amepewa onyo la mwisho. Kikundi cha ufinyanzi cha Itumbiko kimeandikishwa. Kitachimba Kasela miezi ya kiangazi pekee, Juni hadi Oktoba, mwenyekiti akiwa na orodha. Mzee mmoja wa baraza aliuliza kiandikwe chini ya idara gani, biashara au utamaduni. Walibishana kwa muda mrefu kuliko walivyobishana juu yangu. Wakaandika: kilimo.

Jumamosi, 29 Machi

Gongoni. Nimemwambia baba. Alishona mpaka mwisho wa upindo ndipo akainua kichwa. "Mtoto wa watu anaendeleaje?" akauliza. Hakuuliza habari za kazi.

Nimekwenda hospitali mara tatu. Nafika langoni, narudi.

Jumanne, 8 Aprili

Mgeni hakuja Itumbiko. Barabara imekatika. Nimeyapata kwa Masolwa, aliyecheka mpaka akashika usukani.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeingia. Paskazia yuko kitanda cha mwisho, mguu ndani ya plasta mpaka nyonga. Amekonda. 

"Umechelewa," alisema.

"Naomba unisamehe."

"Bado." Akatazama dari. "Nilikuwa nimekasirika na mama kwa kuwa alikuwa sahihi. Na mimi mwenyewe, maana nilijua nikaenda. Na wewe zaidi. Ulinifanya nione aibu kuogopa."

Nilikaa chini sakafuni. Akaniuliza vyungu vilipona vingapi. Nikamwambia. Alihesabu kimya, midomo ikicheza, kisha akalia, mara ya kwanza nimwone analia.

"Daktari anasema mguu huu utakuwa mfupi," alisema. "Mtungi mkubwa hufinyangwa mtu akiuzunguka, anarudi kinyumenyume, kutwa nzima. Mimi nitazungukaje?"

Safari hii sikujaribu kutengeneza jibu.

Nilipoinuka kuondoka akasema, "Niletee udongo. Wowote."

Jumamosi, 12 Aprili

Nimetoka alfajiri kwenda Ntalikwa, kwenye bonde la shamba la mjomba, nikauliza wenyeji kwanza ni wapi panachimbika. Nimerudi na ndoo. Muuguzi alipiga kelele juu ya tope wodini, kwa hiyo tukamtoa Paskazia uani, nikamkalisha juu ya mkeka, plasta imenyooka mbele yake kama gogo.

Alionja udongo, akatema. "Mbaya," alisema. Lakini aliukanda. Akajaribu kuinua kuta kwa kujisogeza kwa matako kulia na kushoto. Chungu kikaegemea upande mmoja, akakibomoa. Akajaribu tena, akakibomoa tena. Jasho lilikuwa linamtiririka. Nikataka kusema yatosha kwa leo, nikajizuia.

Kisha akaichukua sahani ya bati ya hospitali, akaigeuza juu chini, akaweka udongo juu yake, akaisukuma kwa kidole. Sahani ikazunguka kidogo kwenye mkeka, ikakwama. Tukaondoa mkeka. Juu ya saruji ilizunguka vizuri zaidi. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Kaa hapo," aliniambia. "Wewe uzungushe. Mimi nina mikono miwili tu."

Nikakaa. Nikashika ukingo wa sahani na kuanza kuizungusha, na kati ya viganja vyake ukuta mwembamba wa udongo ukaanza kupanda, laini, sawasawa, mara kimo cha kidole, mara kimo cha kiganja. Nikazidi kuizungusha kwa kasi.

"Taratibu, Maua," alisema bila kuinua macho. "Unaharakisha tena."